Usinikatie Leo

Leo usinikatie, Nyaboke.
Najua mkono wako umezoea:
unapanga majani, moja juu ya jingine,
unayakunja yakawa mrija,
kisha kisu, wala hutazami,
huku unamwambia mtoto wa jirani arudi na chenji,
na sukuma inashuka kwenye mfuko
nyembamba kama nywele.
Mutindwa nzima inakijua kisu chako.

Lakini leo nipe majani mazima.
Managu ya thelathini, na terere, na kunde
ukiwa nazo zile za alfajiri, si hizi zilizolegea
kwa kushinda juani zikinyunyiziwa maji.
Nitaziosha kwanza, ndipo nizikate.
Dakika chache motoni, kifuniko juu,
na mchuzi wake sitaumwaga.
Musembi atanung'unika. Kwao mboga huchemshwa
mpaka isahau ilikuwa nini.
Atazoea.

Unacheka. Unauliza ni kanisa gani jipya hilo.

Ni neno tu, nililopewa na Nesi Nasambu
siku niliyompelekea swali
nililokuwa nimelibeba miezi kumi na minne.
Foleti.
Akasema hata jina lake limetoka kwenye jani,
katika lugha ya watu waliokufa zamani.
Nikalirudia kimoyomoyo mpaka geti la ploti,
foleti, foleti,
kama mtu anayeogopa kusahau nambari ya simu.

Halafu (hili sijamwambia mtu)
alichukua risiti iliyokuwa mezani, akainyoosha.
Mtoto huanza akiwa bapa, akasema, bapa hivi.
Kisha kingo mbili zinanyanyuka, zinatafutana,
zinafungana kuwa mrija: huo ndio mgongo,
huo ndio ubongo,
na yote haya ndani ya siku ishirini na nane,
mama mwenyewe bado anadhani
ni uchovu wa kufua.
Akaikunja ile risiti.
Upande wa chini haikufunga.
Hakukusudia. Aliona, akaificha haraka mfukoni.

Nilikuwa nimeshaiona.

Ndinda aliishi siku tisa.
Wewe ulileta uji na ndizi, hukuuliza kitu.
Wengine waliuliza. Mama mkwe alisema
niliruka kamba ya mbuzi nikiwa na mimba.
Mbuzi, Umoja hii!
Nesi akasema: si kamba, na si wewe.
Wapo waliokula vizuri na likawafika,
wapo waliokula chochote likawapita.
Ila ufa ukiuona, na udongo unao mkononi,
utauacha kwa nini?

Basi nina kidonge kidogo cha manjano,
nakimeza kabla Musembi hajaamka.
Si siri. Sitaki tu tumaini langu
liulizwe kila asubuhi limelalaje.
Na sufuria nayo ifanye kazi yake:
ndengu, maharagwe,
parachichi likirudi bei ya binadamu.
Kwa sababu kidonge hakina ladha, Nyaboke,
na mimi nataka kungoja kwa kutafuna kitu.

Usinitazame tumbo. Hakuna mtu humo.
Ndiyo maana nimekuja leo.
Ukingoja mpaka ujue, mrija umeshafunga
au umeshakataa.

Sasa unanyamaza, wewe usiyenyamaza.
Unachukua majani, mikono inaanza kuyakunja yenyewe,
inafika nusu,
inasimama.
Unayanyoosha moja moja juu ya goti
kama nguo za mtu mdogo.
Unayafunga kwa kamba ya mgomba, unaongeza sagaa
ambayo sikuiomba,
na mteja wa nyuma yangu anauliza
mbona leo mama anachelewa hivyo.

Shika hamsini.
Chenji usinipe. Nitakuja tena kesho,
na keshokutwa.